Godoro la Wifi Breki

Wifi yangu hufundisha watu kuendesha magari, na kazi hiyo imemharibia mguu wa kulia. Miaka yote amekaa kiti cha abiria, chini yake breki ya pili aliyofungiwa na chuo, na kila mwanafunzi akielekea mtaroni yeye hukanyaga. Siku hizi anakanyaga hata pasipo na gari. Mtoto akijaza chai hadi ukingoni mwa kikombe, mguu wa wifi unashuka chini ya meza. Mdogo wake, ambaye ndiye mume wangu, akianza kusimulia jambo lisilofaa mbele ya wageni, mguu unashuka tena. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Breki, na mwenyewe kalipokea jina hilo kama cheo.

Mimi ni fundi wa makochi. Karakana yangu ina dirisha moja, na dirisha hilo linatazama mlima. Nimeutazama mlima huo huku nimebana misumari mdomoni mara nyingi kuliko nilivyoutazama uso wa mume wangu. Naujua ukijifunika mawingu, naujua ukiwa mtupu asubuhi baada ya mvua, lakini sikuwahi hata siku moja kuukanyaga.

Breki ameukanyaga mara nyingi. Ana kundi lake la kupanda milima, na wote waliomo ni watu aliowafundisha kuendesha. Yumo kinyozi, yumo muuza dawa, wamo na wengine, na hakuna hata mmoja ambaye ameacha kumwogopa. Wakirudi safari, Breki hapiti kwake. Huja moja kwa moja karakanani kwangu, amepinda kama msumari uliogongwa vibaya, anachagua kochi nililolimaliza siku hiyo na kujilaza. "Namjaribia mteja," husema, kisha anakoroma hadi jioni. Nilidhani ni kiburi tu.

Mwaka huu nikasema na mimi nakwenda. Breki alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili.

"Kundi langu lina sheria ya birika, unaijua?"

Nilikuwa naijua, nani asiyeijua? Usiku wa kwanza wanalala chini ya mlima. Asubuhi Breki anabandika birika jikoni, na mpaka linapopiga mluzi kila mtu awe amefunga mzigo wake wote, godoro likiwa ndani ya mfuko wake. Aliyefunga anapanda hadi kileleni na kushukia upande wa pili. Ambaye hajafunga anapakiwa kwenye gari pamoja na masufuria, anauzunguka mlima kwa barabara, na kuwasubiri wenzake huko ng'ambo na dereva.

"Hakuna shida," nikasema, kwa sababu mdomo wangu huwa unatangulia.

Mume wangu akaninunulia godoro la upepo, la aina ileile aliyowahi kumnunulia dada yake, duka lilelile, mfuko uleule wa kijani wa kufunga kwa kamba. Nilipolitoa lilikuwa dogo kama mkate. Nikafungua valvu, likavuta pumzi lenyewe, maana ndani lina sponji, na likanenepa palepale sakafuni. Nililala juu yake nikaona raha. Raha hiyo ilidumu mpaka nilipotaka kulirudisha.

Maelezo ya dukani yalikuwa mepesi. Fungua valvu, likunje kwa urefu, viringisha kuanzia miguuni kuelekea kwenye valvu, hewa itatoka. Kweli ilitoka, tena kwa kulalamika. Lakini nikinyanyua goti ili nisogee mbele, godoro linavuta pumzi upya na kujaa nyuma yangu kana kwamba linanisubiri niondoke. Hebu fikiria. Riziki yangu yote ni kuhakikisha kwamba sponji ukiibonyeza inarudi. Wateja wananisifu kwa hilo. Sasa naambiwa niizuie isirudi.

Nililipigia magoti karakanani wiki nzima. Jioni moja Breki alinikuta nalo, akasimama kando yangu bila hata salamu, akitazama. Kila nilipoteleza, mguu wake ulikanyaga sakafu. Mwisho godoro lilinitoka mikononi, likafunguka lote hadi miguuni kwake.

"Wewe wifi," akasema, "mlima wako ni huo wa dirishani. Mmeshazoeana."

Aliyasema hayo mbele ya mume wangu, mbele ya watoto, na mbele ya mteja aliyekuja kuchukua viti vyake. Wote wakacheka, na mteja akacheka zaidi. Nilisikia masikio yakiwaka. Kuanzia hapo haikuwa tena habari ya matembezi. Ningepanda mlima ule hata kwa kutambaa, na Breki angeniona nikiwa juu.

Nikafanya ambacho fundi yeyote wa makochi angefanya. Mto ukikataa kuingia kwenye foronya, huupigi mto, unashona foronya nyingine. Nilikuwa na kitambaa cha kijani kilichobaki kwenye kazi ya mteja, rangi ileile. Nikashona mfuko mwingine unaofanana na ule wa dukani kwa kila kitu, ila umeongezeka kiganja kila upande. Nikauhamishia kamba ya ule wa zamani. Godoro likaingia likiwa bado limejaa nusu, bila kelele, na mimi nikaenda kulala nikijipongeza.

Kosa langu ni kumwonyesha mume wangu. Yule bwana ukimwambia siri ni sawa na kuibandika kwenye nguzo ya umeme.

Tulifika chini ya mlima jua likiwa linazama. Breki akatandika turubai, akaamuru mizigo ipangwe juu yake kwa mstari, akaanza kukagua kama anakagua matairi. Kwa kinyozi alipita. Kwa muuza dawa alivuta mkanda mmoja, akapita. Kwangu akasimama. Akaubonyeza mfuko wangu wa godoro kwa kidole.

"Wifi, mfuko wako umenenepa."

"Ni hewa ya mlimani," nikasema.

Kinyozi alianza kucheka, akauona uso wa Breki, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Breki akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake na kutoa kitu cha kijani kilichokunjwa. Ulikuwa ule mfuko wa dukani, ule mdogo, umetiwa kamba mpya. Sikuuliza aliupata wapi. Mume wangu nitamshughulikia nikirudi, niliwaza, na kwa kweli nilimshughulikia.

"Kesho utatumia huu," akasema. Akalitoa godoro langu kwenye mfuko niliouhangaikia, akaukunja mfuko vizuri na kuutia mfukoni. "Na huu nauweka. Ni ushahidi."

Kisha akaenda kupiga hema lake mbali na ya wengine, kama kawaida yake. Anasema anakoroma na hataki kusumbua watu. Wote wakamshukuru kwa ustaarabu huo.

Asubuhi ilikuwa na ukungu. Nilipotoa kichwa nje, Breki alikuwa ameshakunja hema, mzigo wake uko mwanzo wa turubai, na juu yake godoro lake limebanwa kwa mkanda, dogo, gumu, zuri la kutia hasira. Birika lilikuwa limeshabandikwa. Nikaliburuta godoro langu hadi kwenye turubai na kuanza vita. Nikakunja, nikaviringisha, nikapiga goti, nikateleza, likajaa. Nikarudia. Wenzangu walikuwa wanafunga zipu zao mmoja baada ya mwingine, na kila zipu niliisikia. Birika likaanza kunong'ona.

Nilimsikia Breki kule nyuma akimtikisa muuza dawa aliyesinzia juu ya mzigo wake. "Wewe, amka, taa imeshawaka kijani." Alikuwa amenipa mgongo. Kila mtu alikuwa na shughuli yake. Na godoro lake lilikuwa pale, hatua moja kutoka kwangu, kijani kama langu.

Sikufikiria mara mbili. Hata hiyo mara moja sidhani kama nilifikiria. Nililichomoa lake kwenye mkanda, nikalisokomeza langu mahali pake, nusu ndani ya mfuko na nusu nje, na la Breki nikalikumbatia mimi. Ndipo vidole vyangu vikagusa kitu chini ya kifuniko cha mfuko, kitu kigumu kilichofichwa kwa ndani. Nikachungulia. Ilikuwa lebo ya duka, na kile kibano cha plastiki ambacho hakitoki mpaka ukikate kwa mkasi. Kilikuwa kimepita kwenye kamba ya mfuko na kuibana. Hakijakatwa.

Nililikodolea macho. Mume wangu alimnunulia dada yake godoro hili kabla mtoto wetu wa mwisho hajazaliwa. Safari zote zile, asubuhi zote zile za kuwa wa kwanza kufunga mzigo, na Breki hakuwahi kulitoa godoro kwenye mfuko. Alikuwa anakwenda kulala chini kwenye mawe, peke yake, mbali na macho ya watu, halafu anakuja kunyoosha mgongo kwenye makochi yangu. Ni wazi aliogopa kwamba akilitoa halitarudi. Nilicheka kimoyomoyo. Kisha nikamwonea huruma, kweli nilimwonea. Kisha nikakumbuka mlima wa dirishani, huruma ikapita.

Birika likapiga mluzi.

Watu wakasimama kando ya mizigo yao. Breki akaja akipangusa mikono, uso wa ushindi ukiwa tayari, na kinyozi, ambaye hana akili ya kunyamaza, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, godoro lako limefumuka."

Breki alilitazama lile furushi juu ya mzigo wake. Akanitazama mimi. Mguu wa kulia ukashuka kwenye nyasi.

"Hili si langu."

"La nani basi?" akauliza muuza dawa, ambaye alikuwa bado na usingizi na aliuliza kwa nia njema.

"Langu ni hilo alilolishika wifi."

"Hili?" nikasema. Nilikuwa nimeifunika lebo kwa kiganja. "Yanafanana, Wifi. Mdogo wako aliyanunua duka moja. Labda utuambie lako lina alama gani."

Kundi zima likamgeukia. Nikasogeza kidole changu kimoja, kidogo tu, kiasi cha yeye peke yake kuona ncha ya ile lebo. Aliiona. Nilijua ameiona kwa sababu mguu ulishuka mara mbili.

"Halina alama," akasema Breki taratibu.

Akapiga magoti mbele ya godoro langu ili alifunge. Kumbe hakujua hata pa kuanzia. Alianza kuviringisha upande wa valvu, na valvu yenyewe akaifunga kwanza. Godoro likawa gumu kama gogo, likamponyoka, likamgonga kidevuni. Akaanza tena vilevile, kwa nguvu zaidi. Kinyozi aligeuka akatazama mlima kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Jasho lilimtoka Breki katika baridi ile, na uso wake ukawa kama wa wale wanafunzi wake siku ya kwanza, wanaposhika usukani kwa mikono miwili na kusahau kupumua.

Kundi likanong'ona. Muuza dawa akasema kwa sauti ya chini kwamba sheria ni sheria, na dereva kule garini akaanza kusogeza masufuria ili kupata nafasi ya mtu mmoja. Hapo nikaelewa nilichokifanya. Mimi nilikuwa nimeshapata mlima wangu. Nilichotakiwa ni kunyamaza tu. Breki angeingia garini, akae kiti cha abiria kisicho na breki, aendeshwe na mtu ambaye hakujifunza kwake, kona zote zile, mpaka ng'ambo. Nilijaribu kulifurahia wazo hilo. Sikuweza. Uso ule nilikuwa nimeuona wiki nzima kwenye kioo cha kabati nililokuwa nalitengeneza karakanani, na ulikuwa wangu.

"Jamani, mluzi huu haukuwa wa haki," nikasema. "Maji ya birika nilimwaga nusu nikanawia uso. Limewahi kuchemka."

Ulikuwa uongo mtupu, na uso wangu wenye tongotongo ulikuwa shahidi. Breki alininyanyulia macho kutoka pale chini. Akafikiri. Akasimama, akajipangusa magoti.

"Kama maji yalipungua, mluzi si halali," akatangaza. "Tunarudia."

Akajaza birika maji mapya, akalibandika, na wale wote waliokwisha kufunga mizigo wakasimama kwa utulivu kusubiri, kama watu walio kwenye foleni ya benki. Mimi nikaweka chini godoro nililolishika, nikamwendea.

"Godoro hili linataka watu wawili, Wifi. Peke yangu lilinishinda."

Nikafungua valvu, nikalikunja kwa urefu, nikaanza kuviringisha kuanzia miguuni. Breki akasimama kando yangu, upande wa abiria, mikono kifuani, akitazama jinsi anavyotazama watu wanaokaribia mtaro. Nikafika pale ambapo huwa linanishinda. Nikanyanyua goti nisogee, mkono ukateleza, godoro likaanza kuvuta pumzi, na mguu wa Breki ukashuka wenyewe. Ukashuka juu ya ile sehemu niliyokwisha kuiviringisha, na hewa ikatoka kwa mlio mrefu, kisha ikaacha kurudi.

Tukatazamana.

"Endelea," akasema. "Nimekushikia."

Nikaviringisha, nikateleza, akakanyaga. Nikasogea tena, akakanyaga tena. Tulipofika mwisho alikanyaga kwa kisigino, nami nikafunga valvu kabla hajaachia. Godoro likabaki dogo kama mkate. Likaingia kwenye mfuko wa dukani na nafasi ikabaki. Muuza dawa akapiga makofi, Breki akamtazama, akaacha. Birika bado lilikuwa linanong'ona tu.

Basi tukapanda. Breki alinifuata nyuma njia yote akinielekeza. "Taratibu kwenye klachi. Usiangalie bonde, angalia njia. Hapo shusha gia." Miguu iliniuma mpaka nikaisahau, na mchana tukatokea juu, kwenye mawe na upepo. Nikageukia upande wa mji. Mapaa yalikuwa mengi, madogo kama vifungo. Nililitafuta dirisha langu.

"Unaliona?" akauliza Breki.

"Silioni."

"Afadhali," akasema, na akasimama karibu yangu. Nilikuwa nalia kidogo. Nikasema ni upepo, na yeye akasema ndiyo, ni upepo, kwa namna ambayo sikuitarajia kwake.

Jioni, kambi ya ng'ambo, alipiga hema lake mbali kama kawaida. Nikamfuata na mkasi wangu wa kazi, ambao huwa siuachi nyumbani, na lile godoro lenye lebo. Nikakata kibano. Lebo nikampa, akaitia mfukoni haraka. Nikafungua valvu, na godoro ambalo halikuwahi kupumua tangu dukani likaanza kujaa polepole, likitoa harufu ya kabati jipya. Breki akalitazama kwa mashaka. Akaketi, akajinyoosha, akaweka kichwa chini.

"Kumbe," akasema.

Nikamfungia hema nikaondoka.

Asubuhi jua lilitoka na birika halikubandikwa, kwa sababu mwenye birika alikuwa bado amelala. Kundi zima lilisimama kando ya mizigo iliyofungwa, godoro langu likiwa limekanyagwa na kinyozi nikiviringisha, tukisikiliza mkoromo.

"Nani atamwamsha?" akauliza kinyozi, na hakuna aliyejitolea.

Baadaye mkoromo ukakoma. Tukasikia mguno ndani ya hema, kisha kishindo cha mguu, kisha mguno mwingine. Hewa ikalia, ikanyamaza, ikavutwa ndani tena. Kishindo. Mtu akasema neno ambalo mwalimu wa udereva hapaswi kulisema mbele ya wanafunzi wake. Nilipiga hatua nikamsaidie, lakini kimya kikaingia ghafla, kimya cha mtu aliyekumbuka kitu.

Zipu ikafunguka. Breki akatoka amejinyoosha, mgongo umesimama wima kama sijawahi kuuona ukisimama, nywele zimechanwa, mzigo umefungwa wote, na godoro lake limebanwa juu kwa mkanda ndani ya mfuko wa kijani. Nikautazama mfuko. Mshono ulikuwa wangu, na ulikuwa umeongezeka kiganja kila upande.

Nikamsogelea, nikaubonyeza kwa kidole.

"Wifi, mfuko wako umenenepa."

Breki akakaza mkanda wa begi, akatazama mbele, na mguu wake wa kulia ukatulia kabisa.

"Ni hewa ya mlimani," akasema.